Simu Ikikatwa, Usisikie

Saa tatu kamili usiku, Bi Pelagia wa ghorofa ya chini
huinua mkono wa simu ampigie dada yake Zgierz,
na laini ni moja, jengo zima.
Modemu yangu inakohoa, inapiga mluzi, kimya.
Kule chuoni, upande wa pili wa Łódź,
mashine inasikia simu imekatwa,
inaiambia programu yangu: aliyekuleta ameondoka.
Nayo, mtoto mtiifu, inakufa.

Mara ya kwanza ilifia hatua ya mia mbili.
Mara ya pili, mia tatu na kumi.
Mara ya tatu sikuangalia. Nilimenya viazi
hadi viazi vikaisha.

Nilikuwa nakokotoa jinsi rangi inavyoingia kwenye uzi wa pamba,
chembe kwa chembe, hatua elfu kumi na moja,
katika mji ambao viwanda vyake vya nguo
vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine.
Hakuna aliyesubiri jibu. Nililitaka tu.

Wieńczysław, mlinzi wa mashine zamu ya usiku,
soksi mbilimbili, chai ndani ya chupa ya jemu,
hakunicheka.
"Haifi kwa ugonjwa," alisema. "Inakufa kwa habari.
Ifundishe uziwi."
Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo isemwavyo;
humu ni kinyume, lisikialo ndilo lifalo.
Akaniandikia nyuma ya tiketi ya tramu
herufi tano za kutangulia jina la programu, nohup,
na mwisho wa mstari kile kifundo, &,
mfano wa mtu aliyechuchumaa kufunga kamba za kiatu.
"Hizi zinaiziba masikio. Hiki kinaiachia mkono.
Itakachosema kitaandikwa kwenye faili, utakisoma ukirudi.
Usiporudi, kitakuwa kimeandikwa."

Jumatatu usiku nikaandika mstari mzima, nikabonyeza.
Mashine ikanijibu kwa namba: 7714.
Nikatoka. Ndipo simu ikalia yenyewe,
kaka yangu Gaweł, kutoka Suwałki:
"Baba. Njoo."

Treni ile husimama kila penye taa.
Mahali fulani baada ya Białystok, theluji dirishani,
nikajikuta nauliza: sasa iko hatua ya ngapi?
Nikaona aibu, kuiwaza programu kabla ya baba.
Kisha sikuona.

Sikumkuta.
Nilikuta saa yake ya ukutani, ya kutiwa ufunguo kila Jumapili,
inatembea.
Gaweł alikwisha panda kiti aisimamishe, ndiyo desturi yetu.
Nikamshika suruali.
"Iache. Haijasikia."

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi: jeneza, padri,
ardhi iliyoganda hadi wachimbaji wakaiwashia moto kwanza.
Vidole vilivyouzungusha ufunguo ule mara ya mwisho
vilikuwa vimefungwa rozari, viko chini,
na saa inagonga, inagonga nusu, inagonga,
hadi Jumatatu alfajiri ikaruka pigo moja,
ikapiga moja zaidi, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni,
basi.
Gaweł alinitazama. Sikuugusa ufunguo.

Jumanne jioni nilikuwa Łódź, koti bado mwilini.
Niliingia, nikaomba orodha ya vinavyotembea.
7714. Ipo.
Kwenye safu ya mzazi sikuwepo tena;
palikuwa na moja,
ile inayoamka kabla ya nyingine zote mashine inapowashwa,
inayolea kila kilichoachwa wala haiulizi ukoo.
Na kwenye safu ya mahali, palipokuwa na jina la kituo changu,
alama ya kuuliza.

Hatua ya elfu kumi na mia sita na nne.
Ningeweza kukaa niitazame ikimaliza.
Saa tatu kasoro dakika moja
nikatoka mwenyewe,
nikamwachia Bi Pelagia laini yake.